Jina la pakeji si pambo

Jana usiku hapa Sinza bando langu lote limeisha kwa sababu ya jina la pakeji, yaani furushi la kusakinishia programu kwenye kompyuta. Kwenye AUR, hazina ya pakeji zinazowekwa na watumiaji wa mfumo endeshi wa Arch Linux, jina lenye -git linavuta msimbo wa sasa hivi, -bin ni programu iliyokwisha kujengwa, jina tupu ni toleo rasmi. Sasa mtu kaweka jina tupu, nafungua PKGBUILD, faili la maelekezo ya kujenga pakeji, nakuta git+https, yaani inavuta msimbo moja kwa moja kutoka hifadhi ya mradi, hakuna hata namba ya toleo! Historia nzima ya mradi ikashuka kwenye bando la simu. Inaniuma, maana na mimi natunza pakeji huko, bure, usiku baada ya kazi. Jamani, andikeni jina sahihi tangu mwanzo. Kulibadili baadaye ni kupakia pakeji upya, kisha kuomba ya zamani iunganishwe nayo.