Nyuma ya Kabati Hakuna Anayeona

Mtu akinipigia simu na kuuliza, "Fundi, chumba kimoja unapaka bei gani?" mimi humuuliza kama chumba hicho kina kuta. Wengine hukata simu. Lakini chumba si kipimo. Kuna chumba cha Katuba ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, na kuna chumba cha mtaa wa Golf ambacho ukitaka kumwita aliye upande wa pili ni afadhali upige mluzi. Rangi haijui vyumba. Inajua mita za mraba, na inajua ukuta ulivyo: kama una nyufa, kama unavuta unyevu, kama kuna rangi gani chini yake.

Katika miaka yangu yote ya kupaka nyumba hapa Lubumbashi, mteja mmoja tu alilielewa jambo la mita za mraba bila kufundishwa. Alilielewa kupita kiasi.

Tumwite Papa Hesabu. Ni mhasibu mstaafu, anakaa Bel-Air katika nyumba ya matofali ya zamani, na kustaafu hakukumponya. Aliniita mwezi wa pili, mvua inanyesha kila mchana kana kwamba imeajiriwa. Binti yake alikuwa ameposwa, ukoo wa kijana ulikuwa unakuja kuzungumza mahari, na Mama alikuwa ameapa kwamba wakwe hawataingia katika sebule ile ya kijani. Nilimwelewa. Kilikuwa kijani cha chupa ya bia, kutoka sakafuni hadi darini: chini ya kiuno rangi ya mafuta inayong'aa, juu yake rangi ya maji iliyochoka.

Nikatoa mita yangu. Urefu 6, upana 4, kimo 2.80. Ukizunguka kuta zote unapata mita 20. Zidisha kwa kimo, ni mita za mraba 56. Nikatoa milango miwili na madirisha mawili, zikabaki 48 na ushee. Bei yangu ni dola 2 kwa mita, hiyo ni kazi tu, rangi ananunua mwenye nyumba. Dari nikaliacha, lilikuwa bado jeupe.

"Dola 97," nikasema.

"Dola 97 za kupitisha rulo?"

Hapo ndipo wateja wote huanguka. Rulo ni kazi ya siku ya mwisho. Kabla yake unakwangua, unaziba nyufa kwa mastiki, unangoja ikauke, unapiga msasa, unafuta vumbi, unapaka rangi ya kwanza ile ya kushikilia, ndipo uje na mikono miwili, yaani kupaka mara mbili, ya rangi yenyewe. Ukipaka rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta bila kuipiga msasa, itakaa vizuri mpaka umalize kulipwa, halafu itabanduka kama ngozi ya nyoka. Na ukipaka krimu juu ya kijani bila rangi ya kwanza, kijani kitachungulia. Nikamweleza yote hayo. Alisikiliza kwa makini, akavaa miwani, akaniomba mita.

"Mwana, hili kabati linahama?"

Lilikuwa kabati la vyombo, zito, la mbao za zamani. Nikasema kwa kuliangalia tu, halihami.

"Basi nyuma yake hakuna anayeona."

Akalipima. Meta 1.80 kwa 2. Akaandika. Akapima friji. Akapima meza ya televisheni pamoja na televisheni yenyewe. Akapima migongo ya makochi. Akafika dirishani, nikamwambia, Papa, madirisha nimeshayatoa.

"Dirisha umetoa. Pazia hujatoa. Pazia limefunika ukuta huku na huku, mpaka chini."

Alipima hata picha yao ya ndoa, na kalenda. Nilidhani kalenda ni mzaha; akaniandikia sentimita 40 kwa 60. Mwisho wa yote zikabaki mita 30 kasoro kidogo, yaani dola 60, na alinilipa kwa falanga, kwa bei ya kubadilisha ya asubuhi, maana ya jioni ilikuwa imepanda.

Mtaniuliza kwa nini nilikubali. Majira ya mvua watu hawaiti mafundi wa rangi, shule inadai ada, na bukari, ugali wetu, haiivi kwa heshima. Ila niliomba jambo moja: aandike. Akafurahi sana. Akachora kuta zote nne, kila kitu kisanduku chake na vipimo vyake, na chini akaandika kwa herufi kubwa: SEHEMU ISIYOONEKANA HAILIPWI. Akatia sahihi. Kisha akaingia chumbani akarudi na muhuri wake wa zamani, akaupumulia, akaugonga.

Kununua rangi ilikuwa hadithi nyingine. Lita moja inatosha kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, kwa hiyo mita 30 mara mikono miwili ni lita 6. Nikamshauri anunue ndoo ya lita 20, kwa sababu kwa lita moja moja ndoo kubwa huwa nafuu, na ya kubaki ataipaka barazani. Akanunua kopo la lita 5 na la lita 1. Rangi ya kwanza akaifuta kwenye orodha.

"Si umesema inafunikwa na nyingine? Basi nayo haionekani."

Msasa niliupiga, hilo nalisema wazi, kwa ajili ya jina langu mjini. Halafu nikapaka. Nilipita pembeni mwa kabati na brashi ndogo, nikazunguka friji, nikainama nyuma ya makochi mpaka pale jicho linapofika, nikazungushia picha ya ndoa ikiwa inaning'inia msumarini. Kufuata kingo namna ile kunachukua muda kuliko kupaka ukuta mzima, lakini nani amlipe fundi kwa kuruka? Nilipomaliza, ukisimama mlangoni, sebule ilikuwa nzuri kweli. Mama alipiga vigelegele.

Jumamosi ya wakwe simu ikaita kabla sijanywa chai. Ni Mama. "Fundi, njoo. Njoo na rangi."

Wakwe walikuwa wamesema watakuja wengi, Mama akakodi viti vya plastiki. Ili viti vitoshe, vijana wa nyumbani waliamka alfajiri wakatoa vyote. Kabati, ambalo halihami, lilihama kwa watu sita na nyimbo. Makochi yakaenda barazani, friji ikaenda jikoni, mapazia yakashushwa kufuliwa. Nilipoingia, samani zote zilikuwa bado zipo, ila bila samani: kabati la kijani, friji ya kijani, makochi ya kijani yamejipanga, televisheni ya kijani, na juu yake kalenda ya kijani ya sentimita 40 kwa 60.

"Fundi," Mama akasema polepole, "umenipakia nyumba au umenichorea ramani?"

Papa Hesabu akaleta karatasi. Mama akaisoma yote, kisanduku kwa kisanduku, na alipofika chini akashika kiuno.

"Na muhuri umegonga!"

Nikakimbilia soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi. Sasa, krimu ile haikununuliwa ikiwa krimu. Tunanunua nyeupe, tunatia rangi ya tyubu, njano kidogo na kahawia ya kuvunja, tunakoroga mpaka jicho liseme basi. Ndiyo maana fundi mwenye akili hukoroga yote kwa pamoja. Ya leo haitafanana na ya juzi hata ungekuwa na macho ya tai. Ikiwa mbichi inakudanganya, ikikauka inabadilika. Yangu ya Jumamosi ile ilitoka ndizi mbivu. Na mvua ikaanza, hewa yote maji, rangi ikagoma kukauka.

Katika Lubumbashi nzima hakuna mgeni anayefika saa aliyosema, isipokuwa hawa. Nilikuwa nimepaka nusu ya juu ya kabati tu pale honi zilipolia getini.

Mama ni jemadari. Kitenge kikubwa, misumari minne, kabati likafunikwa. Mpwa wake mmoja, mrefu, mpana wa mabega, akaambiwa asimame mbele ya friji na asisogee hata akiitwa kula. Bibi wanne wakakalishwa mbele ya makochi. Mimi nilitakiwa nitoke, lakini mlango ulishajaa wakwe, na huwezi kuwapita wakwe na ndoo. Nikavalishwa shati la Papa, nikakaa kati ya wajomba, mikono nimeikalia.

Mambo yalianza vizuri. Salamu, sala, kinywaji cha munkoyo, bahasha ya kufungulia mdomo. Msemaji wa upande wao alikuwa mjomba wa kijana, mwalimu wa hesabu. Nilimwona mapema kwamba macho yake hayatulii.

"Yule kijana wetu pale, mbona hakai?"

"Ni heshima," Papa akajibu. "Kwetu kijana hakai mbele ya wageni."

Vijana wetu wengine saba waliokuwa wamekaa wakatazama chini.

Walikuwa wamefika kwenye orodha ya mahari niliposikia msumari wa kwanza. Plasta ya nyumba zile ni ya zamani, ikilowa inakuwa unga. Wa pili ukafuata. Kitenge hakikuanguka, kilikuwa kimenata kwenye rangi mbichi; kilibanduka kutoka juu, taratibu, kikitoa sauti ya plasta ya kidonda ikivuliwa. Watu wote wakageuka na kukisindikiza kwa macho mpaka sakafuni. Ukutani likabaki kabati, ndizi juu, kijani chini, na maua ya kitenge yamejichapa katikati.

Mwalimu akasimama, akavaa miwani, akasogea.

"Kabati la milango mitatu," akasema. Akamtazama mpwa. "Kijana, hebu pisha." Mpwa akamtazama Mama. Mama akafumba macho. "Na friji. Bibi zangu, samahani... na makochi." Akatikisa kichwa. "Mzee, huyu fundi aliyewapakia amewaibia."

Ukoo mzima wa upande wetu ukanigeukia. Jasho likanitoka hata kwenye vidole nilivyovikalia. Lakini nitamsifu Papa Hesabu mpaka kufa kwangu: aliinuka akasema fundi hana kosa, kazi ni sawasawa na makubaliano, na yeye hajawahi kuibiwa hata senti katika maisha yake. Akaenda kuleta karatasi.

Mwalimu aliisoma muda mrefu. Akatoa kalamu, akazidisha pembeni, akajumlisha, akarudia mapazia mara mbili. Kisha akampa Papa mkono.

"Hesabu ni safi kabisa. Sisi kama ukoo tunaupokea msingi huu."

"Msingi upi?"

"Sehemu isiyoonekana hailipwi. Una muhuri." Akachukua orodha ya mahari. "Tuendelee. Suti ya baba. Siku ya arusi baba atakaa meza kuu, tutamwona mbele. Mgongo utakuwa kwenye kiti. Mgongo hatununui. Suruali iko chini ya meza. Viatu, vilevile."

"Haiwezekani!"

"Vitenge vya mama, vipande sita. Atavaa kimoja, vitano vitakuwa sandukuni. Tunaandika kimoja. Mablanketi: sisi hatuingii vyumbani mwa watu. Chumvi, mfuko mmoja: ikishaingia chunguni nani anaiona?"

"Na mbuzi?" Papa akauliza, sauti imekauka.

"Mbuzi anaonekana. Tutamlipa mzima."

Mmoja wa wale bibi alicheka mpaka akateleza kitini, kochi lake likabaki wazi. Wakwe nao walikuwa hoi. Binti, ambaye alitakiwa kuwa chumbani akingoja kuitwa, nilimsikia akicheka nyuma ya mlango. Papa peke yake alikuwa na kikokotozi mkononi, anatafuta pa kupenyea, na nadhani kilichomuuma si suti. Ni kwamba hakuona kosa kwenye hesabu.

Mama ndiye aliyemaliza. Akasema kabla ya arusi ukuta utapakwa wote, uchi, hakuna kilichosimama mbele yake, na wao walete orodha yote. Mwalimu akaniuliza, kwa sababu kufikia hapo kila mtu alishaiona mikono yangu, itakuwa bei gani.

Nikamwambia: mita 48 na ushee, na sasa si kijani tu cha kufunika, kuna krimu, kuna ndizi, kuna maua. Kukwangua upya, rangi ya kwanza pande zote, mikono miwili juu. Dola 97 za kazi, ndoo moja ya lita 20 ya rangi, na ya kwanza mbali. Zile 60 zilishapita.

Papa Hesabu akafungua mdomo. Akamwangalia mwalimu. Akaufunga.

Katibu wa upande wa kijana akaandika orodha upya, akaisoma kwa sauti: "Suti ya baba mkwe, moja, pamoja na mgongo."

"Soma tena hiyo," Papa akasema. Aliporidhika, akaenda chumbani kuchukua muhuri.