Nyota za kuzaliwa zilianza kwa kibarua wa shambani

Ukifungua safu ya nyota gazetini utaambiwa Nge ana kisasi, Simba anapenda sifa, Mizani hajui kuamua. Naamini tumerithi makapi, punje zimebaki Babeli.

Huko, katika Iraki ya leo, waandishi wa mahekalu walitazama anga usiku baada ya usiku kwa karne nyingi. Walichokiona kimo katika maandishi yaitwayo MUL.APIN, ambayo nakala zake za kale zaidi tulizonazo ni za karne ya 7 KK. Mojawapo ya nakala zake, iliyoko British Museum, London, ni kibao cha udongo kinachoenea kiganjani, mistari ya maandishi yenye alama za umbo la kabari imebanana kama mchwa. Humo mnatajwa makundi ya nyota yaliyo kwenye njia ya Mwezi, nayo yanazidi kumi na mawili. Mahali pa Punda wetu (wengine humwita Kondoo, au Hamali) alikuwapo Kibarua, mtu wa kukodiwa shambani. Mashuke ilikuwa Mfuo wa jembe, chini ya mungu wa kike Shala aliyeshika suke la shayiri. Mbuzi alikuwa na mkia wa samaki, mnyama wa Ea, mungu wa maji baridi. Nge alikuwa Nge tangu hapo, na hilo halishangazi: mwezi wa Julai, saa tatu usiku, tazama juu ukiwa Dar es Salaam au Mombasa, utamwona mzima, mkia umepinda na moyo mwekundu.

Karne ya 5 KK ndipo walipoigawa njia ya Jua mafungu 12 ya digrii 30 kila moja, kufuata miezi 12. Kabla ya hapo, ishara za anga zilisomwa kwa ajili ya mfalme na nchi: vita, mafuriko, mavuno. Utabiri wa mtoto mmoja kwa siku aliyozaliwa unaanza kuonekana mwaka 410 KK. Tabia za watu zilikuja kushikamanishwa na nyota hasa na Wagiriki, akiwemo mnajimu Ptolemy wa Alexandria, Misri, katika karne ya 2 BK, kisha Waarabu wakaiendeleza elimu hiyo, nasi pwani tukaipata kupitia vitabu vya falaki.

Tena anga halikutusubiri. Mhimili wa Dunia huzunguka polepole, mzunguko mmoja karibu miaka 26,000, kwa hiyo tarehe 21 Machi, Punda anapoanza gazetini, Jua bado liko kwenye nyota za Samaki.

Ndiyo maana naumia nikisikia posa imekataliwa kwa kuwa "nyota haziendani". Waliozigawa nyota hizo walifuata miezi ya mwaka, hawakuwa wakipima tabia za wachumba. Anayetaka kumjua mchumba, aulize majirani zake.