Pointi, Beji na Mwanafunzi Aliyeishiwa Bando

Kozi za mtandaoni huvutia wengi siku ya kujiandikisha na kuwapoteza wengi kabla ya somo la mwisho. Kwa sababu hiyo watengenezaji wake wamegeukia mbinu za michezo ya kompyuta: pointi, beji, ngazi za kupanda na orodha ya vinara. Duolingo, programu ya kujifunza lugha iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2012, humhesabia mwanafunzi siku alizosoma mfululizo, na hofu ya kuivuruga hesabu hiyo humrudisha kesho yake.

Hoja nzito ya wanaozitetea mbinu hizi, kwa maoni yangu, haihusu pointi hata kidogo. Mchezaji akishindwa ngazi hujua papo hapo alipokosea, hurudia bila kuonekana na mtu yeyote, na ugumu huongezwa kadiri anavyomudu. Ilhali darasani kosa lake huweza kumrudia baada ya wiki mbili, mada ikiwa imekwisha kupita. Hapa Tanzania tunao mfano. Katika shindano la Global Learning XPRIZE, watoto wa vijiji vya Tanga waliokuwa nje ya shule walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili za kusoma na kuhesabu, nyingi zikiwa na sura ya mchezo, na mwaka 2019 timu mbili, Kitkit School na onebillion, ziligawana ushindi.

Upande wa pili nao una ushahidi. Mwaka 1973 wanasaikolojia Lepper, Greene na Nisbett walionyesha kwamba watoto waliopenda kuchora, wakiahidiwa cheti kwa kuchora, baadaye walichora kwa muda mfupi kuliko wenzao wasioahidiwa chochote. Beji, basi, inaweza kuua hamu ileile iliyokusudiwa kuichochea.

Dar es Salaam kuna tatizo jingine, ambalo wabunifu wa ng'ambo hawalioni kwa urahisi. Muuzaji wa duka Kariakoo anayesoma kwa simu ndani ya daladala la Mbagala hapotezi mfululizo wake kwa uvivu, bando limekwisha. Orodha ya vinara itampanga chini ya mwenye intaneti ya ofisini, kisha itaiita tofauti hiyo bidii. (Na anayeshika mkia kila wiki haongezewi ari, huifuta programu.)

Ningeiacha orodha hiyo kabisa, nikabakiza mazoezi yanayorudiwa na masahihisho ya papo hapo, yote yakiwa yamehifadhiwa ndani ya simu, na kazi aliyoifanya mwanafunzi bila mtandao ihesabiwe kwa tarehe aliyoifanya.