Karavani Ilipokwenda Kuchuma Parachichi

Hendibreki ya karavani, lile tela la nyumba linalovutwa na gari, ni mwongo. Ya gari ukiivuta imeshika, uelekee mbele au nyuma. Ya karavani inashika kwenda mbele tu. Kurudi nyuma inafikiria kwanza. Ningelijua hilo Jumamosi ile asubuhi, leo ningekuwa nasalimiana vizuri na mama mwenye nyumba.

Karavani yenyewe, ninayouzia chipsi, ni ya Kiingereza, chasisi ya kampuni ya AL-KO, ekseli moja, mlango upande wa kushoto kwa kuwa Waingereza nao hupita kushoto kama sisi. Ukiegesha kando ya barabara, wateja wa chipsi wanasimama upande ulio salama. Mvua zilikuwa zimekatika, muda wa sevisi umefika, na njia zilikuwa mbili. Kampuni moja inayouza matela ilitaka laki tatu na nusu, niivute mwenyewe mpaka kwao na niiache siku tatu. Fundi wa Mwanjelwa alitaka elfu sitini, anakuja mwenyewe na bodaboda, boksi la spana mapajani. Naishi Isanga, Mbeya, mlima Loleza ukituangalia kwa juu, na uwanja wetu umeinama kama paa. Hesabu ya pesa niliipiga. Ya mteremko sikuipiga.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Hii ina injini?"

"Haina."

"Basi hapa hakuna kazi, kijana."

Nimtendee haki mzee. Zipo kazi ambazo hazina sababu ya kupelekwa gereji, na hizo alizifanya vizuri. Kwenye gesi alifungua mtungi akapaka povu la sabuni kuanzia rigeleta mpaka jikoni, kila kiungo. Penye uvujaji povu linachemka. Lilichemka nyuma ya jiko, akabadilisha mpira na klempu zake mbili. Kwenye taa, nilikuwa nikiwasha indiketa ya kushoto na taa ya breki inawaka nayo. Hakugusa balbu hata moja. Alifungua plagi ya pini saba, akakuta waya wa ethi, ule unaorudisha umeme wa taa, umeoza kwa kutu, akaukata na kuuunga upya. Tairi zilikuwa na kashata (meno) nzima kabisa, lakini alifuta vumbi ubavuni akasoma tarakimu nne: 1412, yaani wiki ya 14 ya mwaka 2012. "Hii imeshamaliza darasa la saba," akasema. Karavani inasimama zaidi kuliko inavyotembea, kwa hiyo tairi zake zinakufa kwa uzee kabla ya kulika.

Kisha tukafika kwenye breki.

Alivuta hendibreki, mkono ukapanda mno. "Imelegea." Akaingia uvunguni, akakaza fimbo ya katikati inayovuta breki. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu breki hizi zinaanzwa magurudumuni. Unapiga jeki chini ya ekseli, siyo chini ya ile miguu ya pembeni ambayo ni ya kutuliza tu. Unashusha hendibreki, unatoa kizibo nyuma ya sahani ya breki, unazungusha kirekebishi kwa bisibisi mpaka gurudumu ligome, halafu unarudisha mpaka lizunguke huru. Gurudumu lenyewe unalizungusha kwenda mbele tu. Ukilizungusha kinyumenyume shuu, kile kipande kinachobana drami ya breki kwa ndani, inajikunja na unakuwa umepima hewa. Fimbo ni ya mwisho kabisa. Kuanza na fimbo ni kukaza mkanda wakati suruali imechanika.

Shuu imetengenezwa ijikunje kwa makusudi. Breki ya karavani inafanya kazi kwa kusukumwa na gari la mbele linapopunguza mwendo, na ukirudi nyuma msukumo ni ule ule. Bila shuu kujikunja usingeweza kurudi hata hatua moja. Gharama yake unailipa kwenye maegesho ya mteremko: karavani inarudi kwanza kidogo, shuu inajikunja, ndipo springi ya hendibreki inapovuta ulegevu uliobaki na kushika. Lakini springi haivuti kitu kama mkono haukupandishwa mpaka mwisho. Fundi aliuacha nusu. Mawe mawili ya nyuma ya magurudumu aliyatoa kwa sababu "yananibana." Miguu ya nyuma aliipandisha apate kupita. Gari la kuivuta karavani nilikuwa nimeshalifungua.

Mimi nilikuwa ndani, nimeinama kona ya nyuma, napima unyevu wa ukuta chini ya dirisha kwa kile kipimo cha pini mbili. Kilisoma asilimia 24. Ikizidi 20 ujue maji yanaingia mahali. Nikiwa bado nakikodolea macho, dirisha likaanza kusafiri.

Mbeya tuko ndani ya Bonde la Ufa, ardhi kutikisika si ajabu. Nikapiga kelele, "Tetemekooo! Tokeni nje!" Walionisikia wote walikuwa nje tayari.

Karavani ilishuka bila haraka, kwa adabu, kama mgeni anayeaga. Ikapita katikati ya kamba ya nguo, ikavuka ukingo wa bustani, ikaegemea mparachichi wa mama mwenye nyumba. Ekseli moja ni mizani: nyuma kulikuwa na mimi na magunia mawili ya viazi, miguu haipo chini, basi ikakaa kitako na pua ikatazama Loleza. Maparachichi yakaanza kudondoka paani, tu, tu, tu.

"Kijana, u mzima?"

"Mzima!"

"Sogea mbele. Polepole!"

"Polepole ya nini?" mama akadakia. "Mti wangu huo! Mwanangu, sogea upesi!"

Kodi namlipa mama, si fundi. Nikasogea upesi. Nilipovuka ekseli viazi vikanifuata, na pua ikashuka kama shoka. Fundi alikuwa ameikimbiza karavani na kopo la grisi la kilo moja mkononi, akaliweka chini apate kuning'inia kwenye chuma cha mbele. Alipoona pua inarudi aliruka pembeni. Kopo halikuruka. Mama alikuwa ameshaziokota sare zake tatu za kwaya, nyeupe, za kesho yake kanisani, amezikumbatia kifuani, na amesogea karibu ili aone vizuri.

Jumanne niliivuta mpaka kwenye kampuni. Sakafu ya zege, tambarare kama meza, na bado yule fundi wao aliweka kabari mbili kabla hajagusa kitu. Beringi za drami hizi zimefungwa kiwandani, hazitiwi grisi. Nati yake inakazwa kwa nguvu ya 290 Nm, kiasi ambacho toki renchi (spana za kupimia ukazaji) nyingi za mtaani hazifikii, na ikishafunguliwa hairudishwi, inawekwa mpya. Kichwa changu cha kuungia karavani na gari kina pedi za msuguano, nacho grisi ni mwiko. Kwa hiyo sehemu kubwa ya lile kopo haikuwa na kazi kwenye karavani yangu. Gesi na taa alizikagua, akasema ziko sawa, akazitoa kwenye bili.

Sare tatu mpya hazikuwa kwenye bili ya mtu yeyote ila yangu. Na Jumatano fundi wa Mwanjelwa akapiga simu.

"Kijana, lile kopo langu la grisi, lilibaki na kiasi?"