Vaisi ya Shemeji

Jamani, mimi sina ugomvi na wavumbuzi. Lakini huyu aliyekaa akaona ndoana haiwezi tena kushikwa na vidole vya binadamu, lazima ishikwe na chuma chenye mpini wa kuzungusha, skrubu kila upande na maelekezo ya Kichina, ningependa siku moja apitie hapa Shangani, Mtwara, tuongee.

Kifaa chenyewe ni vaisi ya kufungia chambo cha manyoya, yaani manyoya yanayofungwa kwenye ndoana yamdanganye samaki. Msiifikirie ile ya gereji. Hii ni ndogo, meno yake yanabana ndoana moja tu, ukizungusha mpini ndoana inajigeuza palepale ilipo. Wanasema faida yake ni kwamba unaona tumbo la chambo bila kupinda shingo, na nyoya unalisokota kwa kuzungusha ndoana badala ya kuzungusha mkono. Shemeji yangu ndiye aliyeituma kutoka Dar kwa basi, ndani ya boksi la viatu, nikaenda kuipokea stendi nikidhani ni viatu.

Shemeji ana ugonjwa wa video. Anatazama watu waliopanda ndege mpaka Shelisheli kuvua kolekole kwa chambo cha manyoya. Samaki kilo 50! Wanamkumbatia, wanapiga naye picha, halafu wanamwachia aende zake. Wanamwachia, nasema! Pale feri yetu ukimwachia kolekole wa kilo 50, jioni ukoo umekaa kikao na wewe ndiye ajenda. Basi shemeji akanipigia: "Shemeji, bahari unayo, jogoo mnao, utafunga chambo tuwauzie watalii." Mtu aliyeko Dar huwa ana mipango mizuri sana ya mtu aliyeko Mtwara.

Haya. Kwanza vaisi inataka ibanwe kwenye ukingo wa meza. Meza yetu ya kulia ni ya mninga, na unene ule fundi aliuweka kwa kulipiza kisasi cha mtu mwingine. Kibanio hakipanuki kuufikia. Meza pekee yenye ubao mwembamba ni ya cherehani. Cherehani ni ya mama watoto. Mama watoto akakubali, ila msimu wa sare za shule ukianza nihame, na kabla ya hapo nilipe kodi. Kodi, ndani ya nyumba yangu! Nikamkumbusha kwamba cherehani ilinunuliwa kwa pesa ya korosho. Akanikumbusha korosho zilitoka kwenye mikorosho ya mama yake. Nikalipa. Maongezi ya mikorosho ya mama mkwe hayana mwisho, yana mipaka tu.

Sasa kuzungusha. Siri nzima ya vaisi hii ni kwamba shina la ndoana lilale sawasawa kwenye mstari ambao kifaa kinauzunguka. Likipanda kidogo au likishuka kidogo, ndoana haizunguki, inacheza sindimba, na inacheza ncha ikiwa imekuelekea wewe. Wala si ndoana ya changu hiyo. Ni ya kolekole, namba 6/0, ukiiona tu unajisikia umechomwa.

Na hizo namba alizipanga nani? Ndoana namba 12 ni ndogo. Namba 6 ni kubwa kuliko 12. Namba 1 ni kubwa kuliko 6. Sawa, umeelewa, zinahesabiwa kurudi nyuma, ndiyo dunia ilivyo. Kabla hujakaa vizuri wanatia mkwaju na sifuri, 1/0, 2/0, mpaka 8/0 na zaidi, na hapo namba ikipanda ndoana nayo inapanda! Nilimtuma kijana dukani na maelezo hayo, akarudi na misumari. Sikumlaumu.

Halafu bobini, kile kishikio cha uzi wa kufungia. Inaning'inia kwenye uzi, na uzito wake ndio unaozuia mizunguko isilegee wakati wewe unatafuta nyoya lililopeperuka. Safi kabisa. Lakini zungusha ndoana bobini ikiwa inaning'inia uone. Ukienda huku uzi unajifunga usipotaka, ukienda kule unafunguka kila ulichofunga tangu alasiri. Dawa yake ni kijiti kinachosimama mbele ya vaisi: unaulaza uzi pale kwanza, ndipo unazungusha. Jambo zito namna hiyo wameliandika Kichina. Mchoro unaonyesha mkono wa kushoto kwenye mpini, wa kulia kwenye nyoya. Mkono wa kufukuza mbu hawakuuchora. Aliyechora hajawahi kukaa Mtwara saa moja jioni.

Na saa moja jioni ndipo umeme unapokumbuka kuondoka. Gesi inatoka Mnazi Bay, hapo tu, bomba limeelekea Dar es Salaam tangu 2015. Shemeji huko anatazama kolekole kwenye televisheni na feni inampuliza, mimi huku nafunga manyoya na simu yenye tochi nimeibana kwa meno.

Chambo nilichotakiwa nianze nacho kinaitwa Clouser Minnow. Alikibuni Bob Clouser, mvuvi wa mto Susquehanna huko Pennsylvania, Marekani, miaka ya 1980. Huyu namvulia kofia. Alifunga macho mawili ya madini ya risasi juu ya shina, uzito wake ukaipindua ndoana, ncha ikatazama juu, chambo kikawa kinapita kwenye mawe bila kunasa. Kwa matumbawe yetu hiyo ni akili tupu. Ila amenikosea kwenye mkia. Yeye anafunga nywele za mkia wa kulungu wa kwao. Mimi nikiingia mjini na mkia wa kulungu mkononi, maofisa wa wanyamapori watanipokea kabla mke wangu hajajua nimerudi, na hapo nianze kuwaeleza habari za Pennsylvania.

Nikajaribu mbuzi, ananuka hata akiwa nywele tu. Nikaangalia kabatini, nikaona rasta za mama watoto, nyeupe, ncha zina dhahabu kidogo. Zikilowa zinacheza vizuri kuliko kulungu yeyote! Siku ya kusuka pakiti ikapungua, lawama akabeba msusi. Macho nikakata kutoka kwenye mnyororo wa kizibo cha sinki, zile gololi ndogo, mbili mbili. Gundi ya kukazia fundo ni rangi ya kucha ile isiyoonekana, hata huko Marekani wengi hutumia hiyo hiyo, na hapa kwangu ilikuwepo kwenye mkoba wa binti. Nyumba nzima ikawa inaniangalia mikono.

Manyoya ndiyo kesi kubwa. Yanayotakiwa ni ya shingoni na kiunoni mwa jogoo, marefu, yasiyokatika. Marekani kuna watu wanafuga jogoo kwa ajili ya manyoya tu, nyama si hoja. Hapa mtaani jogoo ni mali ya mtu mzima mwenye jina na mdomo. Bibi wa nyumba ya pili alikuwa na jogoo mweupe mzuri. Akaanza kuona shingo yake inabaki wazi, akasema ni nguchiro. Akatega mtego. Nguchiro gani, bibi, anayechagua nyoya?

Nikaenda feri kupunguza mawazo kwa mzee mmoja aliyezeeka na kurambaza, jodari na nguru wanamjua. Nikamweleza kifaa chote, mpini, meno, mstari wa kuzungukia. Mzee akavua kandambili. Akabana ndoana kati ya dole gumba la mguu na kidole kinachofuata, akachomoa nyuzi kwenye kiroba, akaweka nyoya jeupe, akazungushia uzi, akakata kwa jino. Mimi nilikuwa bado naeleza kile kijiti cha bobini.

"Njomba," akasema, "na hii yangu inazunguka." Akazungusha kifundo cha mguu.

Nikampigia shemeji. Anasema kwa mguu huwezi kuona upande wa pili. Kwani kolekole ndiye fundi mkaguzi? Nimesoma mimi pia: Mroma mmoja, Aelian, aliandika karibu miaka 1,800 iliyopita juu ya watu wa Makedonia waliofunga sufu nyekundu na manyoya mawili ya jogoo kwenye ndoana, wakavua samaki. Vaisi hakuitaja popote. Bila shaka walikuwa na miguu.

Watalii nao hawajaonekana. Aliyeonekana ni mtu mmoja wa njia ya Msimbati. Alipita usiku dirishani kwangu umeme ukiwa umekatika, akaniona: tochi mdomoni, uzi mwekundu, manyoya ya jogoo mweupe, nywele za mwanamke, macho mawili yanang'aa, na kitu kinazunguka huku nanong'ona kushoto, kulia, kushoto. Asubuhi akabisha hodi, kofia mkononi.

"Njomba, nimesikia wewe unasaidia watu. Nina kesi ya mpaka wa mikorosho, iko baraza la ardhi la wilaya."

Nikamwambia baba, hii ni ya samaki. Akakonyeza. Nikamwambia ni kolekole, kule Shelisheli. Akasema ndiyo, anaelewa, mambo haya hayasemwi wazi. Akachagua moja yenye macho makubwa, akaacha pesa juu ya cherehani, mama watoto akaichukua yote, kodi ya nyuma. Nilimsihi yule bwana angalau tukate ncha, maana anaitia mfuko wa suruali. Akakataa, eti itapungua nguvu.

Jana karudi, anachechemea, anacheka. Kesi kashinda, mwenzake hakutokea barazani. Sasa anataka mbili, yake na ya mkwewe. Nimemwambia safari hii aje na jogoo wake.