Nzi Wangu Wana Bei Kuliko Kuku

Ukiniuliza kazi yangu nitakwambia nauza bidhaa nje ya nchi. Nikisema ukweli hatuelewani. Juzi kwenye matatu mzee mmoja alinidadisi, nikamjibu natengeneza nzi. Akanitazama. Akatazama dirishani, kwenye bucha la pale stendi, halafu akaniuliza kwa upole, "Kijana, kwani hawa waliopo wamekuwa wachache?"

Nimezoea. Miaka 14 nimekaa hapa Nairobi mbele ya vaisi, kile kibanio cha chuma cha mezani, nimebana ndoano ndogo kama kope, nazungusha uzi na unyoya mpaka kitu kifanane na mdudu: chambo cha kuvulia samaki, ndicho kinaitwa nzi. Mtu wa Uingereza au Marekani anakinunua dola 2 au 3, anakirusha mtoni, samaki aitwaye trauti anadanganyika, anavutwa, anapigwa picha, kisha anarudishwa majini. Samaki mzima! Mara ya kwanza kuambiwa hivyo nilidhani ninataniwa. Hata kwetu trauti wapo, wazungu walileta mayai yao mwaka 1905 wakayatia Mto Gura kule Aberdare, lakini mimi na trauti hatujawahi kuonana. Tunajuana kikazi tu.

Sasa sikia kilio changu. Nzi wa kuelea anataka unyoya wa jogoo mwembamba, mrefu, wenye vinyweleo vifupi vigumu, ndivyo vinavyomsimamisha juu ya maji. Jogoo wa namna hiyo haokotwi. Yuko Colorado, Marekani, ambako wamechagua mbegu miaka nenda miaka rudi ili atoke na manyoya hayo. Ngozi ya shingo yake, ile nzuri, inapita dola 100. Ngozi tu! Bila paja, bila kidari, bila hata firigisi. Pesa hiyo hapa unapata mbuzi, na mbuzi anakuja na miguu yake yote minne.

Na si wavuvi peke yao wanaogombea. Mwaka 2011 akina dada wa Marekani waliamua unyoya wa jogoo ni pambo la nywele. Saluni zikavamia maduka ya wavuvi, zikafagia hasa ule wenye milia, bei ikapaa. Wazee wa watu na mabuti yao ya mpira wakawa wanang'ang'ania unyoya na wasichana wanaokwenda disko. Fasheni ikapita, nikamshukuru Mungu.

Nilishukuru mapema. Januari 2024 dola ilipita shilingi 160. Anayeniuzia vifaa akapandisha bei, akasema, "Ni dola hiyo." Dola ikashuka hadi kama 129. Nikaenda mbio. "Hii ni mali ya zamani," akanijibu, "niliinunua dola ikiwa juu." Ajabu ni kwamba dola ikipanda, mali ya zamani huwa imeisha usiku uohuo.

Shanga za tungsteni, ile metali nzito, zile za kumzamisha nzi haraka, hata sitaki kuzitaja. Februari 2025 China ilibana usafirishaji wa tungsteni, na mimi wa Kawangware nikaanza kufuatilia habari za Beijing kama balozi.

Ndipo nikamwona jogoo wa jirani. Mwili mzima milia, kama kavaa sweta la shule. Alikuwa juu ya ua anawika, na mimi badala ya kusikia kelele nasikia dazeni, dazeni, dazeni. Jioni nikamvizia kwa punje za mahindi, nikamshika, nikamng'oa unyoya mmoja tu wa shingoni. Jogoo akapiga ukelele kama anaibiwa shamba. Jirani akatoka.

"Baba, unamfanya nini kuku wangu?"

Hebu jibu wewe. Nilikuwa nimemkumbatia jogoo wa watu kifuani, unyoya nimeubana kwa meno. Nikasema nilikuwa nakuja kumnunua. Akasema shilingi 2,000. Nikalipa, maana ningepunguza bei ningeonekana mwizi.

Usiku nikaufunga ule unyoya kwenye ndoano namba 14. Vinyweleo vikatoka virefu, vimelegea, nzi akawa kama mzee aliyeamshwa usingizini. Nikamweka kwenye beseni la maji. Akafikiri kidogo. Akazama.

Lakini fundi hakosi la kusema. Nikajiambia, manyoya laini yanafaa nzi wa kuzama, nao wana soko. Nitamchuna polepole, ngozi niipake chumvi niikaushe, hasara irudi. Asubuhi nikamwacha amefungwa jikoni, nikakimbia mjini kupeleka kazi. Mama watoto sikumwambia kitu. Mambo ya kiufundi yale.

Kurudi mchana, tangu kwenye kona nasikia harufu. Si ya kitunguu bado. Ile nyingine, ya manyoya yaliyolowa maji moto. Nikaingia jikoni. Jogoo yuko uchi ndani ya sufuria, mama watoto anafuta jasho, anatabasamu kama siku ya harusi.

"Leo umekumbuka nyumbani," akaniambia. "Kuku mzima, na si mwisho wa mwezi!"

Nikauliza manyoya yako wapi.

"Manyoya? Nimempa mbwa wa jirani akalalie. Kwani ulikuwa unayataka ya nini?"

Nikavuta kigoda nikakaa. Firigisi nilipewa mimi.