Tunachangia harusi, kwa nini hatuchangii mizani?

Jirani yangu hapa Mabibo, Dar es Salaam, ni mama anayepika chapati na supu asubuhi, na wiki mbili zilizopita alinigongea mlango akiwa ameshika kichwa, gesi imeisha chapati zikiwa kwenye chuma. Mtungi ule mdogo wa kilo 6 kwake huwa unakaa siku kumi na moja, safari hii siku nane tu kwisha. Kashabadilisha mwingine kwa elfu ishirini na tatu, mi nikamwambia mama usiufunge kwanza, nikaenda kwa kijana anayenunua vyuma chakavu nikaazima mizani yake ya kuning'iniza. Tukaijaribu kwanza na mfuko wa unga wa kilo 5 ambao haujafunguliwa, ikasoma 5. Sawa. Kwenye mtungi kuna namba imegongwa, ule ndio uzito wa mtungi mtupu, wa kwake umeandikwa 7.4, sasa ukijumlisha kilo 6 za gesi inatakiwa 13.4. Mizani ikasoma 12.3. Tukapima mara tatu, jibu lilelile.

Kilo moja na kitu haipo jamani. Ukipiga hesabu ni zaidi ya elfu nne, na kwa mtu anayeamka saa tisa usiku kukanda unga hiyo ni hela ya mboga ya watoto na nauli ya shule.

Tukarudi dukani. Kijana wa pale hakuwa mkorofi hata kidogo, akasema mama yangu mi nauza kama nilivyoletewa, hapa sina mizani. Na hapo ndipo penyewe, maana EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji, wanataka duka la gesi liwe na mizani mteja apimiwe aone kwa macho yake, ila kule mtaani kwetu maduka manne niliyopita siku hiyo hakuna hata moja lenye nayo. Afu kijana wa watu hajazi gesi yeye, ukigombana naye unagombana na mtu ambaye huenda naye kapunjwa.

Sasa mama akaniuliza, twende wapi? Nikaanza kumtajia nikajikuta namchanganya. Uzito ni wa Wakala wa Vipimo. Biashara ya gesi yenyewe ni EWURA, na kuna lile Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA CCC, lipo kisheria kabisa kwa ajili ya kumsemea mtumiaji. Ubora wa bidhaa ni TBS pale Ubungo, halafu kumlinda mlaji kwa ujumla kuna Tume ya Ushindani, FCC, chini ya sheria ya mwaka 2003. Nauli ya daladala uende LATRA, bando la simu TCRA. Mtu anayeuza chapati ataacha kibanda siku ngapi azunguke ofisi zote hizo kwa ajili ya elfu nne? Haendi. Na yule anayepunja anajua haendi.

Ndo maana mi sikubaliani na wanaosema nchi hii haina sheria za kumlinda mlaji. Zipo, na nyingine zinafanya kazi vizuri tu, mfano bei kikomo za mafuta EWURA wanazitangaza kila mwezi na kituo kikizidisha kila mtu anajua kimezidisha, kwa sababu bei iko wazi na watu wote wanaiangalia. Tunachokosa ni watu wa kusimama pamoja na mnunuzi. Mnakumbuka Juni 2016 TCRA walipozima simu feki? Kuzima ilikuwa sawa kabisa, ila rafiki yangu alinunua ya kwake Kariakoo bila risiti, akaamka na simu iliyokufa mkononi, na aliyemuuzia akamwambia hamjui. Hasara yote kwake. Angekuwa na wenzake hamsini walionunua kwenye mtaa uleule mngeona kama wangejibiwa hivo.

Siku ya Haki za Mlaji Duniani ni tarehe 15 Machi kwa sababu siku hiyo mwaka 1962 Rais Kennedy wa Marekani alipeleka ujumbe kwenye Bunge lao akataja haki nne za mlaji, na mojawapo ni kusikilizwa. Kwa kweli mtu mmoja mmoja hasikilizwi, ata angekuwa na haki kiasi gani. India waliliona hilo, sheria yao ya 1986 ikaruhusu vyama vya hiari vya walaji vilivyosajiliwa kupeleka malalamiko kwa niaba ya mnunuzi, yani mama anaendelea kupika chapati chama kinamhangaikia. Hapa kwetu sisi ni mabingwa wa kujikusanya, vikoba tunavyo, kamati za harusi zinakaa kila wiki mtu anadaiwa mchango mpaka anazima simu, msiba ukitokea ndani ya saa moja turubai limefungwa. Kwa nini kwenye kununua kila mtu yuko peke yake?

Serikali nayo ifanye vitu viwili tu ambavyo mi naona haviko mbali. Ofisi yoyote kati ya hizo ikipokea lalamiko ilifikishe yenyewe kwa mwenzake badala ya kumwambia mtu hapa sio penyewe, na barua ya kikundi cha mtaa ipokelewe kwa uzito wake, isirudishwe kwamba kila mmoja aje mwenyewe.

Sisi tumeanza. Tumechanga buku mbili mbili tukanunua mizani, inakaa kwa mama wa chapati, ukinunua gesi unapitia pale, namba zinaandikwa kwenye daftari pamoja na tarehe na duka. Mpaka jana tumepima mitungi kumi na tatu, mitano imepungua, na yote mitano ni ya chapa moja. Risiti tunazo tatu, hao wawili wengine hawakudai. Barua ya kwenda Wakala wa Vipimo imeshaandikwa na kusainiwa, nakala inaenda EWURA CCC, Jumatatu asubuhi naipeleka mimi na mzee mmoja mstaafu wa hapa mtaani, na daftari tunabeba.